Nusu ya Mintu

Nusu ya kidonge ilipotea ndani ya fundo la sari, na fundo lenyewe lilikuwa bado limefungwa.

Morsheda alilifungua, akalitazama, akaligeuza upande wa pili. Alikuwa amelifunga kwa mkono wake mwenyewe muda mfupi tu uliopita, akiwa amechuchumaa kando ya mkeka wa mwanawe. Sasa ndani ya kitambaa kulikuwa na unga mweupe kidogo, kama chokaa ya tambuu, basi. Akadhani kimesagika. Akakung'uta pindo lile mlangoni, akaenda kuinjika wali.

Sari ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe wake, nyeupe kama zilivyo sari za wajane, yenye ukingo mwembamba wa bluu. Dadi, yaani bibi, kama kila mtu alivyomwita tangu mjukuu wake Mintu azaliwe, alifariki mwanzoni mwa mvua kubwa, akazikwa nyuma ya msikiti, mahali pekee palipokuwa bado pakavu. Aliacha sari mbili, mkasi wa kukatia popoo za kutafunwa na tambuu, na bati la biskuti lililojaa dawa. Dawa hazikutupwa. Katika kijiji kile cha wafumaji kando ya mto Jamuna hakuna aliyetupa dawa. Mtu akifa huacha vidonge vyake kama anavyoacha masufuria, kwa sababu ugonjwa haukosi mtu mwingine wa kumshika.

Aliacha pia mazoea. Dadi hakuwahi kula kitu kizima. Yai la kuchemsha alilikata kwa uzi, nusu akala, nusu akaifunga katika pindo la sari mpaka Mintu arudi kutoka kucheza. Ndizi hivyo hivyo, biskuti hivyo hivyo, embe, mgongo wa samaki, hata bonge la sukari guru. "Nusu yangu, nusu yako," alisema, na mtoto akafungua mdomo kama kinda la ndege. Mintu alifikisha umri wa miaka minne bila kujua kwamba vitu vya kuliwa huja vizima.

Kwa hiyo alipopata homa, na bibi yake hayupo, hakukubali dawa kutoka mkono wowote. Ya maji aliitapika. Kidonge alikitema. Mama yake alimbembeleza, akamtisha, akambana pua.

"Mpaka Dadi anipe," alisema.

"Dadi amesafiri, mwanangu."

"Aje."

Joto likapanda mpaka macho ya mtoto yakaanza kugeuka. Hapo ndipo Morsheda alipoishusha sari nyeupe kutoka kwenye kamba, akajifunika hadi kwenye paji la uso, akatia tumbaku ya tambuu shavuni ili anukie kama marehemu, akainama mgongo. Akachukua mkasi wa popoo, akaweka kidonge cha homa katikati ya makali. Kach. Kwa sauti nyembamba ya kizee akasema, "Nusu yangu, nusu yako."

Mintu akafungua mdomo. Akameza bila hata maji. Nusu iliyobaki, ile ya "yangu", Morsheda alijifanya ameila, kumbe ameifunga kwenye pindo. Mtoto akatabasamu, lakini hakumtazama mama yake. Alitazama juu kidogo ya bega lake.

Homa ilishuka jioni ile ile. Kafil, mumewe, aliporudi kutoka kufuma, alimkuta mtoto anakula bisi za mchele.

"Umemshindaje huyu?"

"Nimemdanganya. Nilivaa sari ya mama."

Kafil alicheka mpaka akaketi. "Alipokuwa hai mlikuwa hampatani hata juu ya chumvi. Amekufa, unavaa nguo zake. Mama angekuona angekuuliza kwa nini umeikunja vibaya."

Morsheda naye akacheka. Hakumwambia habari ya fundo, maana ni jambo gani la kumwambia mtu, kwamba kidonge kimekuwa unga?

Kwa wafumaji, kelele ndiyo amani. Tangu alfajiri vitanda vya kufumia hugonga, taka-tak, taka-tak, nyumba hii na ile, mpaka mtu haisikii tena sauti hiyo. Lakini jua linapofika utosini, kivuli cha mtu kikajificha chini ya nyayo zake, wafumaji huacha kazi wakaenda kuoga, kuswali na kula. Hapo kimya huanguka kijiji kizima kwa mara moja. Wazee wanasema saa ile ndiyo ya majini kupita, na kwamba mama mwenye akili hamwachi mtoto chini ya mti wala nywele zake wazi.

Katika kimya hicho, siku chache baada ya homa, Morsheda alikuwa jikoni akipara samaki. Akasikia kach.

Akafikiri ni mwanzi wa paa unapasuka kwa joto. Kisha ikamjia harufu ya tumbaku ya tambuu, na chini yake kafuri, ile dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka Dadi magotini. Akanawa magamba mikononi, akaingia chumbani. Hapakuwa na mtu ila Mintu, ameketi katikati ya mkeka, ametulia kupita kiasi.

"Mintu?"

Mtoto aligeuka polepole. Shati lake lilikuwa limelowa kama aliyetolewa bwawani, na jasho lenyewe lilikuwa baridi. Alizungumza maneno yaliyojikokota kama ya mlevi. Macho yalikuwa wazi, lakini yalimpita mama yake yakaenda zake. Halafu mkono mmoja ukaanza kuruka peke yake.

Morsheda alimbeba akakimbia naye mpaka duka la dawa la Nitai. Nitai hakuwa daktari. Daktari wa kweli alikuwa ng'ambo ya mto. Lakini alikuwa na kabati la kioo, kipimajoto na mashine ndogo ya kuchoma vidole vya wazee wenye kisukari. Alimtazama mtoto, akachoma kidole.

"Shemeji, sukari yake imeshuka vibaya," alisema. Papo hapo akampaka maji ya sukari ndani ya shavu, tena na tena, mpaka mtoto akaanza kulamba midomo, na alipoweza kumeza akampa bonge la sukari guru. Kidogo kidogo macho ya Mintu yakarudi. Akauliza kwa nini wako dukani.

Nitai akapangusa mikono. "Kuna mtu kwenu anakunywa vidonge vya kisukari?"

"Alikuwa mama mkwe wangu. Amekufa."

"Na vidonge vimekufa naye?"

Morsheda alimvuta Mintu kifuani.

"Kile kidonge humshusha sukari mtu mzima aliye nayo nyingi," Nitai alisema. "Mtoto hana ya kushushwa. Nusu tu inaweza kumlaza, na asiamke. Watoto huona kidonge, wakadhani pipi."

"Bati liko juu ya kabati. Hafiki, hata akipanda kiti."

Nitai akafunga mashine yake. "Basi kuna anayefika," alisema.

Nyumbani alilishusha lile bati. Mfuniko ulikuwa umekazwa, na ilibidi aupige kwa kisu ufunguke. Ndani, karatasi ya vidonge vya Dadi ilikuwa na tundu jipya. Mkasi wa popoo, ambao yeye Morsheda aliuosha na kuutundika jikoni, ulikuwa umelala humo juu ya dawa, na makali yake yalikuwa na unga mweupe. Pembeni palikuwa na kikonyo cha jani la tambuu. Alikibana kwa kucha. Kilitoa maji. Kilikuwa kibichi.

Kafil alipata habari kwa Nitai kabla hajazipata kwa mkewe. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akazungumza kwa sauti ya chini, na kwa Kafil sauti ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Mchana nani alikuwa nyumbani?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

Morsheda aliligeukia bati.

"Siku ya homa ulimpa kidonge cha bati lile?"

"Kile kilikuwa cha homa. Nilikinunua kwa Nitai."

"Vyote vyeupe, mama Mintu. Vyote vidogo. Mtu huchanganya."

"Sikuchanganya, baba Mintu. Mtoto yule ni wangu pia."

Kesho yake alilijaza bati mawe, mkasi ukiwa ndani, akalitupa mtoni penye maji ya kahawia yanayozunguka. Sari alitaka kuitupa pia, ila Kafil alimzuia, akasema nguo ya mama yake haioshwi na Jamuna. Kwa muda nyumba ikatulia. Mintu alikimbiza kuku. Saa ya kimya ilikuja ikapita, na Morsheda akaanza kulala tena usiku mzima.

Halafu akaja mzee Torab, jirani mwenye kisukari na ulimi.

"Mama Mintu," alisema, akijishikilia kwenye nguzo ya baraza, "nimekuja kukuuliza kama kwenu mna panya."

"Nani hana panya, babu?"

"Basi wangu mimi ana adabu. Anakula vidonge vyangu vya sukari, lakini hamalizi, ananiachia nusu. Tena hang'ati. Anakata wima, kama seremala." Akacheka, akakohoa. "Mke wangu anasema ni mimi, kwamba nimezeeka nasahau nilichokula. Nikamwambia, kama nimesahau nilichokula, mbona nakumbuka nilichooa?"

Morsheda akaketi chini.

"Lini, babu?"

"Tangu juzi. Na kwa mjane wa kule kisimani pia, nasikia. Mbona umekaa chini?"

Jua lilikuwa linapanda. Aliingia ndani, akampakata Mintu, akafunga bonge la sukari guru kwenye pindo la sari yake mwenyewe, akaketi akiegemeza mgongo ukutani ili nyuma yake pasiwe na nafasi ya mtu kusimama.

Vitanda vya kufumia vikanyamaza, kimoja kimoja, kisha vyote. Akasikia pampu ya maji ya jirani ikilia mara ya mwisho, akasikia nzi, akasikia pumzi ya mtoto na ya kwake, na katikati ya hizo pumzi mbili akaanza kusikia ya tatu, nzito, yenye mkoromo mdogo mwishoni, kama ya mtu mzee aliyetembea nyumba kwa nyumba juani na sasa anashukuru kufika. Na harufu ya tumbaku na kafuri ikajaa chumbani kama moshi usioonekana, na kach ikasikika karibu kabisa na sikio lake, ingawa mkasi ulikuwa chini ya maji ya Jamuna pamoja na mawe, na Mintu, aliyekuwa amesinzia kifuani pake, akainua uso bila kufungua macho, akafungua mdomo kama kinda, na mama yake akaona mdomo wa chini wa mwanawe ukibonyea, kama unavyobonyea mdomo wa mtoto anapolishwa na kidole gumba cha mtu anayempenda, na juu ya ulimi kikatokea kitu cheupe, cha upande mmoja mviringo na upande mmoja ulionyooka.

Akatia kidole kukitoa. Kitu kikavu na cha baridi kikamshika kifundo cha mkono. Hakikumminya. Kilimzuia tu, taratibu, kama mama mkwe anavyozuia mkono wa mke wa mwanawe usitie chumvi mara ya pili. Mtoto akameza.

Siku ile Mintu aliruka kama samaki kwenye kikapu, na Kafil aliyekuwa amerudi kula aliyaona kwa macho yake. Walipomaliza kumjaza sukari, na Nitai kumchoma vidole na kutikisa kichwa, Kafil alikaa kizingitini akiwa amejishika kichwa.

"Ijumaa baada ya swala nampeleka kwa dada yangu, mjini Pabna," alisema.

"Atamfuata."

"Nani?"

Morsheda akamsimulia yote, kuanzia fundo. Kafil alisikiliza, akakodolea macho ukuta. Aliamini au hakuamini, haikujulikana.

"Mama yangu hawezi kumdhuru Mintu," alisema hatimaye.

"Sisemi anamdhuru. Nasema anamlisha."

"Basi kwa dada yangu hakuna sari yake, hakuna harufu yake. Atapotea njia."

"Na asipopotea?" Morsheda alimshika mkono. "Hapa mimi najua. Akitokwa jasho, natia sukari. Kule atalala mchana, watasema ni uchovu wa safari, mwacheni mtoto apumzike. Watafunga mlango wasimsumbue. Baba Mintu, watamfunika shuka."

Jioni ile Kafil alikwenda mwenyewe kumwita Fakiri Moyez.

Fakiri alikuja Alhamisi, mtu mnene mwenye ndevu zilizotiwa hina, anayejulikana mpaka vijiji vya visiwani kwa kutoa majini. Alisikiliza akitafuna tambuu. Akachoma pilipili kavu kwenye kigae, akapaka mafuta ya haradali kwenye pembe nne za nyumba, akamvika Mintu hirizi. Kisha akaketi mbele ya mtoto kungoja jua lifike utosini. Nitai naye alikuja, na mashine yake mfukoni, akasimama mlangoni.

"Wewe daktari wa kabati umekuja kuangalia nini?" Fakiri alimuuliza.

"Nimekuja kukuangalia wewe. Ukizimia, nani atakuamsha?"

Kimya kilipoanguka, Fakiri alianza kusoma kwa sauti kubwa, akiamuru kilichomo kijitaje jina. Hapakuwa na jibu. Moshi wa pilipili, uliokuwa ukiwakereketa wote koo, ukaondoka pembe ile aliyokaa mtoto, ukasogea upande kama pazia linalofunguliwa mtu apite. Kach. Fakiri akaacha kusoma katikati ya aya. Mbele ya macho yake, hatua moja tu kutoka kwenye ndevu zake, mashavu ya Mintu yalikuwa yakitafuna.

"Sukari," alisema Fakiri kwa sauti ndogo. "Leteni sukari ya mawe, niisomee."

"Isomee ikiwa mdomoni," alisema Nitai, akampita. Alikuwa tayari na maji ya sukari kidoleni. Walimhangaikia mtoto pamoja, mmoja akipaka, mwingine akipuliza dua, na alipozinduka Nitai alijifuta jasho. "Maisha yangu yote nabishana na wewe," alisema. "Leo tumeandika dawa moja."

Fakiri hakucheka. Alimwita Morsheda uani, mbali na masikio ya mumewe.

"Binti, sikufichi. Nimetoa wengi. Nilioweza kuwatoa ni wale waliokuja kuchukua: damu, mume, akili. Huyu amekuja kutoa. Sina maneno ya kumfukuza anayetoa."

"Ni mama?"

"Wafu wana kazi yao, hawaranderandi. Lakini kila mtu huzaliwa na jini wake, akakua naye, akala naye. Mtu akifa, yule hubaki hana bwana. Akili hana, ana mazoea tu. Akiachwa, husahau pole pole, kama njia isiyopitwa inavyoota majani. Huyu alikuwa anasahau. Ukamwita kwa sauti ya bwana wake, ukampa kazi yake, tena kazi ya kulisha dawa."

"Nimwambie aache, basi."

"Katika nyumba hii, nani aliwahi kumwambia yule mama aache kutoa, naye akaacha?"

Morsheda akakumbuka, na hata katika hofu ile akataka kucheka. Hakuna.

Fakiri alivaa viatu vyake. Aliwekewa kuku wa ujira, naye akamwacha pale pale, kuku amefungwa miguu. Hilo ndilo lililomtisha Morsheda kuliko yote.

Usiku hakulala, alifikiri. Alimfikiria mama mkwe wake wakati wa chakula. Wanaume walikula kwanza, kisha mtoto, na mwisho yeye na Dadi kilichobaki. Alijaribu kukumbuka siku moja tu ambayo mtu yeyote alivunja kitu chake mwenyewe, akampa yule mama kipande. Yeye mwenyewe alimpakulia, ndiyo, kama wajibu, sahani ikagonga sakafu. Kafil alimletea dawa. Kumpa nusu yake, kwa mkono, kwa kumtazama usoni? Alitafuta mpaka jogoo wakawika, hakuipata siku hiyo. Mkono ule ulitoa miaka yote na kurudi mtupu, na pengine mkono unaorudi mtupu haujui kwamba umemaliza.

Ijumaa vitanda vya kufumia havikuanza kabisa. Kafil alifunga nguo za Mintu kwenye kifurushi, akakiweka mlangoni, akaenda msikitini pamoja na wanaume wote. Morsheda alichemsha yai. Akalimenya, akalikata kwa uzi, akampa Mintu sahani mapajani.

"Leo wewe ndiye utakayetoa," alimwambia.

"Nimpe nani?"

"Dadi."

Mtoto alimtazama kana kwamba amesema jambo la kipumbavu. "Dadi hapewi. Dadi ndiye anayetoa."

"Leo anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Njaa."

Mintu akalifikiria hilo. Mambo mengine alikuwa haelewi, lakini njaa aliielewa.

Ndipo ikaja, si kutoka mlangoni wala dirishani, bali kama vile ilikuwa imekaa pale tangu asubuhi ikiwasikiliza, na harufu ikawa nzito mpaka Morsheda akahisi tumbaku kwenye ulimi wake mwenyewe, na pumzi yenye mkoromo ikasogea juu ya kichwa cha mtoto, ikashuka, ikakaa mbele yake kwa mlio wa magoti makavu, na kach ikapita hewani, na mdomo wa Mintu ukaanza kufunguka peke yake, na Morsheda, ambaye kila kiungo cha mwili wake kilimwambia amnyakue mtoto akimbie, alibaki ameketi, akaushika mkono mdogo wa mwanawe uliokuwa na nusu ya yai, akausukuma mbele katika hewa ile tupu iliyokuwa baridi kama ndani ya mtungi, akamnong'oneza, "Sema, baba, sema sasa," na mtoto, ulimi wake ukiwa tayari umetoka kungoja, akaurudisha ndani, akasema kwa adabu, kama alivyofundishwa kusema na wakubwa:

"Dadi, nusu yangu, nusu yako."

Hakuna kilichosogea. Nzi aliyekuwa juu ya sahani aliacha kutembea.

Halafu yai likabonyea ukingoni. Halikung'atwa, kwa maana hapakuwa na alama ya meno. Lilimung'unywa, kama anavyomung'unya mtu aliyebaki na fizi tu, kidogo, kwa haya, akiogopa pengine ametaniwa. Kisha tena. Mintu aliunyoosha mkono wake sawasawa, hakutetemeka. Kiini cha njano kikaisha mwisho, na kiganja cha mtoto kikabaki na unyevu, na kukatoka pumzi moja ndefu iliyopeperusha nywele za paji lake.

Kutoka hewani, kwenye usawa wa mkono wa mtu aliyeketi, kidonge cheupe kilichokatwa nusu kikadondoka juu ya mkeka.

Kafil aliporudi kutoka msikitini alimkuta mkewe analia na mwanawe yuko juani akijaribu kumpanda kuku wa Fakiri. Alitazama kifurushi. Alimtazama Morsheda. Akakifungua, akarudisha nguo za mtoto kwenye kamba moja baada ya nyingine.

Mintu hakutokwa tena na jasho lile. Vidonge vya mzee Torab vilibaki vizima, naye akalalamika kwamba hata panya sasa wanamdharau. Watu walisema Fakiri ana nguvu. Nitai alisema ni kwa sababu bati lilitupwa. Morsheda hakumbishia yeyote.

Alipika tu zaidi kidogo. Maana tangu Ijumaa ile, Mintu hakula kitu bila kukivunja katikati. Nusu aliiweka upande wa pili wa mkeka, kisha akageuza uso, kwa sababu si adabu kumkodolea macho mtu mzima anapokula. Alipogeuka tena, nusu haikuwapo. Kafil aliwalaumu paka. Morsheda alihesabu hiyo kama kodi, na kodi ya wali mama anaweza kuilipa.

Mwaka uliofuata mtoto akaanza shule. Kabla ya mvua mwalimu, kijana mpole, alimwita mama yake. Darasa lilikuwa limetoka kucheza. Mintu, alisema, ni mtoto mzuri, ila hukaa ukingoni mwa benchi na hakubali mwenzake aketi karibu yake. Na kibao chake cha kuandikia amekipiga mstari katikati. Anaandika upande wa kushoto tu.

"Nimemwambia akijaze. Ananiambia upande ule una mwenyewe. Nikadhani ni utoto." Akakivuta kibao kutoka chini ya benchi. "Lakini tazama. Asubuhi wakati wa kusoma sikumwacha kwa macho, na kalamu hakuishika."

Upande wa kushoto palikuwa na herufi za Mintu, nadhifu, zimepangwa. Upande wa kulia, ng'ambo ya mstari, palikuwa na herufi zile zile, kubwa, zenye kutetemeka, zilizoandikwa zikafutwa kwa kidole zikaandikwa tena, kama za mtu mzima ambaye hakuwahi kupelekwa shule na leo ndiyo anaanza. Ya mwisho ilikuwa imefika nusu.

Mwalimu akalowesha kitambaa ili afute. Morsheda akamshika mkono.

"Usifute," alisema kwa sauti ya chini. "Mwache amalize."